Fimbo za Ate Luz, Macho ya Mama Mkwe

Jumamosi, 5 Oktoba 2002

Nimeanza. Safari hii namaliza, na naandika hapa nisije nikajikana. Wiki jana mtu alinivuta mtandio kituo cha mafuta, akanitukana, akaenda zake. Nilitetemeka hadi nyumbani, ufunguo hauingii mlangoni. Sitaki tena.

Ate Luz, muuguzi Mfilipino wa wodi ninayofanya kazi ya usaidizi hapa Fort Worth, anawafundisha wanawake kupigana kwa fimbo kama walivyopigana wazee wake. Ate ni dada mkubwa kwao, basi nami namwita hivyo. Nimekwenda na wifi yangu Nahla. Wengine wote Wafilipino, wauguzi na binti zao. Binti wamezaliwa Texas, lugha ya mama zao hawaijui, lakini fimbo wanaitaka.

Ate Luz akauliza kama kwetu kuna mchezo kama huu. Nahla akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema kuna kirumbizi, ngoma ya fimbo ya Lamu, nami nimekicheza tangu utotoni. Uongo mtupu. Kirumbizi ni cha wanaume, mimi mtu wa Mombasa, na Lamu nimefika mara moja tu, kuolewa. Nahla alinitazama vile. Ate Luz akafurahi, akanipanga mstari wa mbele.

Tarehe 26 kuna sherehe ya akina mama wa Kifilipino Houston. Wanafunzi wawili watapanda jukwaani. Na Houston ndiko aliko mama mkwe wangu, aliyesema mbele ya harusi nzima kuwa Intisar huanza kila kitu na hamalizi kimoja. Cherehani, kozi ya uuguzi, mafunzo ya kuogelea. Yote kweli, ndiyo maana yaliuma. Lazima niwe jukwaani, naye awe kiti cha mbele.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mazoezi ya nyumbani. Sina fimbo, nimetumia mpini wa ufagio. Pigo la kwanza safi. Pigo la pili, kioo cha kabati la vyombo. Mume wangu Zaid akauliza kulikoni. Nikamwambia ni paka. Akauliza paka gani. Hatuna paka. Nimekwenda kulala mapema.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku mbaya. Leo fimbo mbili, moja kila mkono, zinapishana juu na chini na mwenzako. Ate Luz akaeleza kuwa mchezo huu unaitwa sinawali, na kwao jina hilo linatokana na kusuka. Nahla, aliyefundishwa na bibi yake kusuka ukili wa mikeka, akacheka, akasema kumbe ni hivyo tu, na mikono ikaanza kwenda yenyewe. Binti wa Kifilipino wakamzunguka awaonyeshe. Mimi nikajipiga kidole gumba changu mwenyewe.

Ate Luz akanifariji. Akasema huenda kirumbizi kimenikaa sana mwilini ndiyo maana mambo mapya hayaingii. Kwa hiyo Jumamosi ijayo nifundishe kirumbizi darasa zima. Nikasema nitafanya kwa furaha. Nahla alicheka ndani ya gari mpaka ikabidi niendeshe mimi.

Jumanne, 15 Oktoba

Ngwali ni mtu wa Lamu, anaendesha teksi kutoka DeSoto. Nimempigia simu anifundishe kirumbizi. Akauliza mwanamke na kirumbizi wapi na wapi. Nikaahidi biriani. Akaanza papo hapo, huku anaendesha, kwa sauti ya juu: mzunguke mwenzako kwa madaha, mtishie, mpige, rudi nyuma. Mkono mmoja ameuachia usukani aonyeshe. Abiria wake akaomba kushuka. Somo likaishia hapo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefundisha! Nimeweka kanda ya ngoma ya harusi, nikazunguka kwa madaha, nikatishia, nikarudi nyuma. Nilichosahau nilibuni. Kundi zima la Wafilipino likanifuata, wanakanyaga kwa pamoja mpaka sakafu ya ukumbi inatikisika. Mama yake Ate Luz, mtu mzima sana, akaanza kulia. Akasema babu yake alikuwa akizunguka hivyo hivyo kabla ya kupigana, na hakudhani ataona tena mtu anazunguka vile. Niliona aibu kweli. Kwa muda mfupi.

Kisha Ate Luz akatangaza kuwa wawili wa Houston ni mimi na Nahla. Sinawali kwanza, kirumbizi mwisho. Ndani ya gari Nahla akasema hatamwambia mama yake, kwa sharti moja: kila jioni nije kwake tufanye mazoezi ya kweli, ya Ate Luz, si ya Ngwali. Akaniuliza ninachotaka hasa ni fimbo au macho ya mama yake. Nikamjibu vyote viwili. Nimekubali sharti.

Alhamisi, 24 Oktoba

Sijakosa jioni hata moja. Mikono imejaa michubuko. Leo Truphosa, muuguzi na Mkenya mwenzangu, aliiona, akanivuta hadi stoo ya mashuka na kufunga mlango. Akasema, “Intisar, ni bwana yako? Wewe sema tu, nita-call polisi saa hii.” Nikamwambia si mume wangu, ni wifi. Akashika kifua. Akaniuliza yuko peke yake au familia nzima wanasaidiana. Mpaka nimweleze yote, alikuwa ameshanipa ufunguo wa nyumba yake Plano.

Jumamosi, 26 Oktoba

Houston. Mama mkwe kiti cha mbele, buibui jipya, mikono kifuani. Sinawali ikaenda vizuri. Fimbo zilipishana, sikukosea hata mara moja, na Nahla akanikonyeza. Kikaja kirumbizi. Nilikuwa nimezunguka nusu tu mama mkwe aliposimama. Mtoto wa Lamu, baba yake alikuwa mchezaji. Akapanda jukwaani taratibu, akamnyang’anya binti yake fimbo, na kwa sauti ya kusikika akasema anachokiona hapa si kirumbizi, ni kuku anatafuta mahali pa kutaga.

Kisha akanirushia pigo. Pigo la kweli, la kichwani. Sikufikiri. Fimbo yangu ilipanda yenyewe, nikazuia, nikageuza kiganja, nikaushika mkono wake. Yote ya Ate Luz. Na sikutetemeka. Nilingoja kutetemeka na hakukuja. Ukumbi ukalipuka makofi.

Mama mkwe akashusha fimbo. Akasema kirumbizi changu uongo mtupu, lakini mkono huu umefunzwa, na aliyefunzwa hivi hakukatisha njiani. Alisema mbele ya watu wote. Nililia jukwaani, sijali.

Jumapili, 27 Oktoba

Tumelala kwa mama mkwe. Asubuhi alinimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo halijapata kutokea. Akasema Ramadhani hii, siku kumi tu zijazo, atakuja Fort Worth mwezi mzima. Mchana atatufundisha kirumbizi cha haki, mimi na Nahla na Ate Luz na binti wote, wanaume wa Lamu wakinuna shauri yao. Nilifurahi mno. Nikasema nimejifunza mengi mwezi huu, na kubwa zaidi ni kusema kweli. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akauliza kama Zaid anapata mkate wa mofa, ule wa kuokwa tanurini, wakati wa kufuturu, maana alilelewa nao.

Nikamwambia anaupata kila siku. Nimejenga tanuri lake la udongo mwenyewe, nyuma ya nyumba.

Tunakaa ghorofa ya pili. Nimempigia Ngwali simu, anajua mtu mwenye udongo.