Tai wa Pembe ya Kulia

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimesema uongo kanisani. Kwa usahihi zaidi, chini ya kanisa, kwenye ukumbi wa kahawa, kwa hiyo pengine hauhesabiwi.

Ulikuwa mkutano wa chama chetu cha watazama ndege. Picha yangu ya kilima ilipoonyeshwa ukutani, Duane Sorvari akauliza kile kidoa cheusi juu kulia ni nini. Duane huyuhuyu ambaye picha zake hukaa kwenye jalada la kalenda yetu miaka nenda rudi! Nilijua ni vumbi ndani ya kamera. Mdomo ukasema ni tai wa dhahabu. Si yule wa kichwa cheupe anayekaa hata juu ya nguzo za taa hapa kwetu. Wa dhahabu! Ardis, mwenyekiti, akaweka kikombe chini. Akasema tai huyo akithibitika, jalada ni langu, na Jumamosi tupande kilimani wote tukamtafute.

Nalitaka jalada hilo kuliko ninavyopenda kukiri.

Jumanne, 8 Oktoba
Balaa. Nimepitia picha zangu zote. Tai yuko juu ya ziwa. Tai yuko juu ya kanisa. Tai anaelea juu ya pai ya maboga ya mke wangu Marlys, mezani kwetu, pembe ileile ya kulia. Jumamosi Ardis ataangalia kamera za watu wote palepale. Akimkuta tai pembe ileile kila picha, nimekwisha! Lazima nisafishe kihisi, kile kipande kidogo ndani ya kamera kinachopokea picha. Fundi wa mjini ni mpwa wa Duane. Nitasafisha mwenyewe.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimetazama video. Jamaa anasema usipulize kwa mdomo, tumia kipulizio cha mpira, hakikisha betri imejaa. Hapo nikaizima, nimeshaelewa. Kipulizio sina. Lakini Marlys ana lile bomba la mpira la kumwagia bata mzinga mchuzi anapomwoka. Sayansi ni ileile. Nikatoa lenzi, nikapuliza kwa nguvu.

Picha ya majaribio: tai sasa ana familia. Kumbe bombani kulibaki mafuta ya sikukuu ya mwaka jana. Marlys akaingia, akauliza, "We mzee, hiyo kamera ni ya kupigia picha au ya kuoka?" Akaninyang'anya bomba, akaenda kulificha.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kitambaa cha miwani, kijiti cha aiskrimu, vodka kidogo ya shemeji. Kazi ilikwenda vizuri mpaka betri ikaisha. Kile kioo cha ndani, ambacho betri hukishikilia juu ya kihisi, kikajifunga ghafla na kuuma kijiti. Kamera imeng'ata! Nikivuta, inalia. Marlys alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akapiga simu. Amekataa kusema ni kwa nani.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kwa Duane! Amekuja na kimkoba chake. Natamani ardhi ipasuke.

Akakaa meza ya jikoni, akachomoa kijiti taratibu. Akapuliza kwa kipulizio halisi, akapitisha kifuto chembamba chenye dawa, kwenda na kurudi. Basi. Tukapiga picha ya ukuta: mweupe pe! Marlys akamkatia pai. Akawa anaila huku akiitazama ile picha ya pai niliyoibandika mwenyewe kwenye friji.

"Huyu tai wako, Walter," akasema, "anapenda sana maboga."

Aliahidi kwamba hatamwambia mtu. Akasema ingekuwa yeye, angemweleza Ardis kabla ya kupanda kilima. Nikamwambia bila shaka. Nimeamua kutomweleza.

Jumamosi, 12 Oktoba
Wasaliti! Kule kilimani nilikuwa nimevua miwani niifute ukungu wa kahawa, mara kelele. "Tai! Walter, tai wako huyo!" Wote wananyoosha vidole juu, wote wanacheka, Duane kuliko wote. Kwa hiyo amewaambia. Watu wazima, waimba kwaya, wananidhihaki namna hii! "Piga basi, anapita!" Nikaielekeza kamera walikoonyesha, nikabonyeza mara moja tu kulinda heshima, nikashuka hadi garini bila kuaga. Nimeumia, sitaficha.

Nyumbani nikafungua picha kwenye kompyuta. Kidoa! Juu kulia! Huo ndio usafi wa Duane. Nikakifuta kwa brashi ya kompyuta, nikaihifadhi picha mpya, nikaitupa ya zamani. Nikamtumia Ardis na maneno haya: "Tazama anga hili. Halina doa hata moja."

Jumapili, 13 Oktoba
Ardis amepiga simu baada ya ibada. Yule wa jana alikuwa tai wa dhahabu wa kweli. Kila mwanachama amempata pichani. Akauliza, kwa upole mno, imekuwaje mimi niliyemwona wa kwanza niwe peke yangu nisiye naye. Jalada limekwenda kwa Duane.

Marlys ameniwekea mkono begani, akasema, "Pole, mzee." Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Kabla Duane hajagusa kamera yangu, nilikuwa na tai katika kila picha. Tangu aiguse, sina hata mmoja. Jibu liko wazi, na nimeshagundua Marlys alikoficha lile bomba.