Nilipima Asidi ya Tumbo Nikaenda Ukweni

Jamani, leo nimejiaibisha ukweni, na hata mkwe sijawa!

Tumbo langu hujaa gesi kila nikila. Juzi kwenye simu nikaona mtu anaeleza namna ya kupima asidi nyumbani. Amka, usile kitu, kunywa maji yenye soda ya maandazi, subiri mbweu. Ikija upesi, asidi inatosha. Ikichelewa, ni kidogo. (Hakusema kama ni daktari. Nami sikuuliza.)

Asubuhi nikanywa, nikakodolea saa macho. Kimya. Nikajiongezea glasi ya pili.

Sasa, leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda Gorong'a kujitambulisha kwa kina Robi, mchumba wangu. Baba mdogo akaja na pikipiki, akanionya: "Mama yake akikukataa, hakuna wa kumgeuza. Salimia vizuri, kula utakachopewa, basi."

Kutoka kwetu Kemambo njia ni mashimo matupu. Tumbo likatikiswa kama chupa ya soda.

Tukamkuta Mama Robi amekaa mlangoni na dada yake mkubwa. Nikainama kwa adabu zangu zote.

"Shika..."

Mbweu ikatoka. Ndefu! Mbuzi wa pale uani wakainua vichwa.

"Marahaba," akaitika Mama Robi. (Kwa mazoea, nadhani.)

Baba mdogo akaanza kuchunguza viatu vyake. Yule dada mtu akaguna: "Huyu kashiba kwao. Ugali wetu anauogopa?"

"Hapana mama, sijala! Nilikuwa napima asidi ya tumbo!"

"Asidi? Kwani wewe ni betri?"

Ndani jikoni Robi akacheka mpaka sufuria ikaanguka. Ikabidi nieleze yote, pamoja na ile glasi ya pili. Mama Robi akanitazama juu mpaka chini.

"Yaani mtoto wa watu tangu asubuhi ana soda ya maandazi tu tumboni? Leteni chakula!"

Ugali wa mtama, nyama, maziwa mgando. Kila nikipunguza mwendo, dada mtu anapaza sauti: "Betri haijajaa hiyo, ongezeni!"

Wakati wa kuaga, Mama Robi akaniambia: "Mkwe, kesho nenda zahanati. Vipimo vya kwenye simu achana navyo."

Mkwe! Mmesikia?

Sasa nimelala chali. Asidi ni nyingi au kidogo, sijui. Naombeni tu msinichekeshe. Nikicheka, inatoka nyingine.