Kiwanja cha Zahanati Kilichoondoka na Mgeni

Ndugu zangu wa Isaka, wote tuliomaliza darasa la saba pamoja,

Mnisamehe mwandiko. Mnajua hata shuleni mwalimu alikuwa akigeuza daftari langu juu chini kabla ya kusahihisha. Herufi nikikosea zisomeni hivyo hivyo, maana leo nimefedheheka na lazima nimwambie mtu.

Nimefedheheka kweli kweli. Mbele ya kijiji kizima!

Kisiwa hiki ninachokaa na mjomba, aliyehamishiwa kufundisha huku, hakina zahanati. Mgonjwa anavushwa kwa mtumbwi. Ziwa likichafuka, anangoja. Mke wa mjomba ana mimba kubwa, na upepo ukivuma tu mjomba anakosa usingizi. Sasa wilaya imekubali kusaidiana nasi: wao walete saruji na mabati, sisi tutoe mawe, mchanga na nguvu. Sharti ni moja. Bwana Mipango, ofisa wao wa mipango, akija leo akute kiwanja. Akikikosa, saruji inakwenda kisiwa kingine.

Shida ni hicho kiwanja. Wazinza wa kitongoji cha chini, watu wa samaki, wanataka zahanati iwe kwao. Wasukuma wa kitongoji cha juu, watu wa pamba na ng'ombe, wanataka iwe kwao. Mikutano imekaliwa mpaka watu wamechoka kugombana. Kila mahali pakitajwa, mwenye shamba anasimama. Ndipo mwenyekiti wetu, Mzee Lufunga, akasema atafutwe mtu asiye na shamba wala shemeji upande wowote, huyo ndiye achague. Wote wakageuka kunitazama.

(Mimi! Ambaye nikiitwa jina mkutanoni natazama miguu yangu.)

"Ng'wanone, mwanangu, utaweza?" mwenyekiti akauliza.

Nikatazama miguu yangu. Wakasema nimekubali.

Basi jana nikazunguka kando ya ziwa. Kila nilipopapenda palikuwa na mtu: hapa mihogo yangu, pale kazikwa babu. Jioni nikafika kwenye ghuba ndogo. Jamani! Uwanja tambarare, kijani kibichi, hauna jiwe, hauna mhogo, hauna kaburi. Nikamwuliza msichana aliyekuwa anachota maji, "Hapa ni pa nani?"

"Hapana mwenyewe," akajibu, akaenda zake.

Nikapakanyaga. Pakadunda kidogo, kama godoro. Nikajisemea, udongo laini huu, msingi utachimbika upesi. (Sisi wa Shinyanga tumezoea ardhi ya kuvunja jembe.) Ili mgeni apite vizuri, nikafyeka mafunjo yote upande wa nchi kavu. Nikakata na mizizi yake, minene kama kamba za ng'ombe. Kisha nikachomeka vigingi. Viliingia kwa mkono mtupu! Nikaenda kumwambia mwenyekiti: nimepata, ni tambarare, hakina mwenyewe. Alifurahi hata akasahau kuuliza ni wapi.

Leo asubuhi Bwana Mipango akafika kwa boti, kaptura imenyooshwa, utepe wa kupimia mkononi. Mtu wa haraka. Hata chai hakunywa.

"Kiwanja kiko wapi?"

Mwenyekiti akanisukuma mbele. Nikaongoza njia, vitongoji vyote viwili nyuma yetu. Tulipofika, Bwana Mipango akaingia moja kwa moja, mimi nimeshika ncha ya utepe, mwenyekiti anafuata. Wazinza wakasimama ukingoni. Hawakukanyaga.

"Wamenuna," mwenyekiti akaninong'oneza. "Waache."

Tukapima. Mgeni akaridhika kabisa. Akawageukia wananchi, akakohoa.

"Ndugu wananchi! Hapa ndipo itakaposimama zahanati yenu. Na itasimama, haitatikisika!"

Upepo ulikuwa unatoka milimani. Nikaona wananchi wanarudi nyuma, polepole. Nikashangaa. Mbona wanarudi nyuma na miguu yao haitembei?

Bibi Nyamwiza, mama wa Kizinza anayevusha watu kwa mtumbwi wake, akaita kutoka ukingoni. Wala hakupaza sauti sana.

"Mwenyekiti! Mnahamia wapi?"

"Tunapima kiwanja!"

"Haya. Kiwanja kinakwenda Mwanza."

Bwana Mipango akatazama nyuma. Kati yetu na nchi kavu palikuwa na maji, na maji yalikuwa yanapanuka.

"Kijana," akaniambia kwa upole, "hii ni nini?"

Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa imelowa.

Bibi Nyamwiza ndiye aliyejibu. "Ni majani, mwanangu! Yameota juu ya maji. Yalikuwa yameshikwa na mizizi ya mafunjo. Sijui nani kaikata."

"Ng'wanone," mwenyekiti akasema, "hukuuliza hiki ni cha nani?"

"Niliuliza. Hakina mwenyewe."

"Mwenyewe ni ziwa!"

Huko ukingoni watu wakaanza kukimbia. Wazinza wakashusha mitumbwi. Wasukuma wakaleta kamba za ng'ombe. Wakakifunga kiwanja kama ndama, wakavuta. Haikusaidia.

"Msishindane na upepo!" Bibi Nyamwiza akawaambia. "Kielekezeni tu!"

Basi tukaelekezwa. Mitumbwi huku, kamba kule, na wengine wanakimbia ufukweni wakicheka. Bwana Mipango amekaa kwenye kofia yake. Mwishowe kiwanja kikakwama kwenye mawe, mahali pa miamba na miiba katikati ya vitongoji viwili. Mgeni akashuka. Akapiga mguu chini kwa nguvu. Akapiga tena.

"Hii ni nchi kavu?" Hakuniuliza mimi. Alimwuliza bibi.

"Ni nchi kavu."

"Ni pa nani?"

Watu wakatazamana. Mahali pa mawe matupu, nani atapalima? Nani atapagombea? Tena wote walikuwa wamelowa na wamechoka kuvuta pamoja.

"Ni petu," mvuvi mmoja akasema. Mwenye ng'ombe aliyekuwa pembeni yake hakubisha.

Bwana Mipango akafungua utepe. "Mawe nilisema mlete. Kumbe yapo hapa hapa. Mitumbwi nayo inafika. Saruji itakuja. Ila huyu kijana asishike kitu."

Mke wa mjomba amecheka mpaka mjomba akamwomba aketi, asije akazaa kabla ya zahanati. Na watoto sasa wananiita Nahodha.

Ndugu zangu, niandikieni, japo mistari michache. Nipeni habari za ng'ombe na mvua. Za ziwa msiulize. Na mkicheka, chekeni taratibu, mama yangu asisikie.

Wenu,
Shija