Marehemu Wangu wa Budapesti

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Hofu imeanza leo, saa ya chai. Dk. Generosa, Mkuu wetu wa Chuo, katuita wahadhiri wote ukumbini, yaani lile ghala la zamani la mahindi ambalo hata baada ya kupakwa rangi panya hawajakubali kuhama. Katangaza kuwa wakaguzi wanakuja kutoka Dar wiki ijayo. Kila mhadhiri atasimama mbele yao aeleze alikosoma na alikofanya kazi. Chuo bado kichanga, akasema. Wakaguzi wakitaka watu wapunguzwe, watapunguzwa.

Kupunguzwa. Miaka hii neno hilo linaua kuliko malaria. Watu wamepunguzwa reli, benki, viwandani. Nusu ya wenzangu hapa chuoni Miyuji, Dodoma, walipunguzwa kwingine ndipo wakawa wasomi. Fabian, anayefundisha uongozi wa biashara, alikuwa meneja wa shirika la umma la viatu mpaka shirika likafa. Bi Rozmin wa uhasibu alianzia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, akapanda kwa mitihani. Bupe ana shahada ya pili na bado kijana. Huyo sitaki hata kumfikiria.

Mimi je? Shahada moja ya Mlimani, kisha ualimu wa sekondari kule kwetu Kondoa, mpaka nikachakaa pamoja na ubao. Hapa niliajiriwa haraka haraka, mhadhiri wa historia alipotoroka katikati ya muhula. Sikuulizwa mengi.

Dk. Generosa akataka tujaribu papo hapo. Fabian alieleza safari zake mpaka chai ikapoa. Zamu yangu ilipofika nikasema Mlimani, nikasema Kondoa, nikaona watu wanapiga miayo. Nikaogopa. Macho yalikuwa kwenye kibao cha jina la Bupe, mezani mbele yangu. Mdomo ukaanza, Bu, Bu, ukamalizia Budapesti.

Nimesema nilisoma Budapesti. Nchi ya Hungaria.

Wakapiga makofi. Dk. Generosa akauliza kwa nini nimekaa kimya siku zote, tena nafasi ya Mkuu wa Idara iko wazi. Fabian hakupiga makofi. Alinitazama kama mtu anayepima kiatu.

Jumanne, 3 Agosti

Sikulala vizuri. Mke wangu Sikuzani kauliza kama ni tumbo. Nikasema ni tumbo.

Fabian kanisubiri mlangoni. Kasema na yeye alifika Budapesti enzi za shirika. Akauliza nilikuwa nakula nini. Nikasema viazi. Akasema ajabu, yeye alikula samaki. Nikasema wakati wangu samaki walikuwa wameisha. Akatikisa kichwa polepole, akaenda zake. Jasho limenitoka kwenye upepo wa Agosti, ambao Dodoma nzima inautafutia sweta.

Mchana nilikwenda maktaba ya mjini. Hungaria ina ukurasa mmoja, na picha ya daraja. Nimelikariri daraja.

Jumatano, 4 Agosti

Mbinu. Mtu aliyeishi Ulaya lazima awe na koti la Ulaya. Nimepekua mitumba ya soko la Sabasaba mpaka nikalipata, zito, jeusi, linafika magotini. Nikaingia nalo chuoni nikiwa nimenyooka. Wanafunzi walisimama. Nilijiona Mkuu wa Idara kabisa.

Bupe akaja karibu, akasema kwa adabu, shikamoo mwalimu, koti zuri sana, shangazi yake naye analo. Vifungo viko upande wa kike.

Nimelivua. Nimekaa na baridi mpaka jioni. Fabian kapita dirishani mara nyingi kuliko kawaida.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeitwa ofisini.

Dk. Generosa alikuwa anatabasamu, jambo linalotisha zaidi. Kasema kiongozi wa wakaguzi ni Dk. Hana, mtaalamu wa kilimo, Mtanzania, aliyesoma miaka mingi Hungaria. Mungu mkubwa, akasema. Ameshapanga: siku hiyo nitamkaribisha mgeni kwa Kihungaria, ukumbini, mbele ya watu wote.

Nilitafuta neno. Maskini ya Mungu, nilichokipata ni kilio. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba lugha ile sijaitamka tena tangu niondoke. Akauliza kwa nini. Nikasema kuna mtu nilimzika kule. Akauliza mtu gani. Nikakaa kimya, maana sikuwa na mtu. Yeye akaujaza ukimya mwenyewe. Akasema, "Mkeo."

Sikusema ndiyo. Sikusema siyo pia.

Dk. Generosa, mkaguzi wa shule mstaafu, mama aliyefunga shule mbili kwa sababu ya vyoo, alitoa leso akalia. Akanishika bega. Akasema hatanilazimisha.

Nimetoka mwepesi kama pamba. Mbinu imefaulu. Leo nitalala usingizi wa kwanza wiki hii.

Ijumaa, 6 Agosti

Habari imefika msikitini kabla yangu. Baada ya swala watu wamenishika mkono wakaniambia nivumilie. Nimevumilia. Lakini nilipokaribia nyumbani, Ipagala, majirani kina mama walinyamaza ghafla, na hapo nikajua sijafikiria jambo moja.

Sikuzani alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono magotini. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Kasema kaambiwa mambo bombani, mbele za watu, ndoo ikafurika asiione.

Nikamwambia hakuna mke. Akasema mbona Mkuu wa Chuo kalia. Nikasema kalia kwa makosa. Akasema mama mzima halii kwa makosa.

Kisha akasema neno ambalo mpaka sasa linanichoma: "Baba Shamila, ungeoa mwingine aliye hai ningejua la kufanya. Ningemnunia, ningegombana naye, tungezoeana. Huyu wa kaburini nitamfanya nini? Hazeeki. Hakosei."

Nilitaka kumweleza yote. Lakini kumweleza ni kukiri kwamba mumewe ni mwongo, na nikaogopa hilo kuliko kuonekana mjane. Nikasema tutazungumza kesho.

Jumamosi, 7 Agosti

Hayupo. Kachukua basi la asubuhi la Kondoa, kwa wazazi wake, pamoja na binti yetu Shamila. Kaacha ugali umefunikwa na kanga imekunjwa juu ya kitanda. Hakuchukua hata picha ya harusi. Nimeitazama kutwa. Ndani ya picha natabasamu kama mtu asiye na akili.

Nyumba ina sauti. Bati linalia kwa upepo. Naogopa wakaguzi, naogopa Fabian, lakini leo hofu hizo zimekuwa ndogo. Naogopa kwamba hatarudi.

Jumatatu, 9 Agosti

Nilidhani ujane utaniokoa na hotuba. Dk. Generosa kaniita tena. Kasema amefikiri na kusali. Kidonda kisichofunguliwa hakiponi. Nitasema maneno machache tu ya Kihungaria, kwa heshima ya marehemu, na Dk. Hana atafurahi.

Fabian alikuwepo. Akasema nafasi ya Mkuu wa Idara inahitaji mtu jasiri, na akanitazama.

Nimefikiria kuugua. Nikaenda zahanati, nikalalamika homa. Wakanipima. Wakasema sina kitu. Nikawaomba wapime tena. Muuguzi akaniambia kuna watu wanaoumwa kweli nyuma yangu.

Jumatano, 11 Agosti

Nieleze kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Wakaguzi walikaa mbele, Dk. Hana katikati, mama mnene mwenye macho tulivu. Wenzangu walisimama mmoja mmoja. Bi Rozmin alieleza kwa maneno machache, wakaandika. Bupe alieleza, wakaandika sana. Kisha Dk. Generosa akanitangaza, sauti ikimkwama, kuwa nina jambo la moyoni.

Dk. Hana akafurahi. Akanisemesha Kihungaria. Sentensi ndefu, kama mtu anayemwaga kokoto taratibu. Akasubiri. Ukumbi mzima ukasubiri.

Lugha ninazozijua ni tatu. Kiswahili wangekielewa. Kiingereza wangekielewa. Iliyobaki ni Kirangi, lugha ya mama yangu. Nikaifungua. Lakini kwa hofu nikakuta humo ndani kuna utoto mtupu. Nikasema kwa heshima kubwa kwamba mbuzi wameingia kwenye uwele. Nikasema mke wangu amerudi kwao. Nikasema naogopa sana, mama, nisaidie. Nikainama.

Dereva wa wakaguzi, aliyesimama mlangoni, alianza kukohoa, akatoka nje mbio.

Dk. Hana hakucheka. Alinitazama, kisha akanijibu. Kwa Kirangi. Safi, cha Kolo kule kwetu Kondoa, cha mtu aliyefundishwa na mama yake: "Watoe mbuzi kwanza."

Akawageukia watu akasema kwa Kiswahili, "Tumeelewana."

Makofi. Dk. Generosa alikuwa anafuta machozi. Mimi nikarudi kukaa.

Wakati wa mapumziko Dk. Hana alinikuta nyuma ya tangi la maji, nilikokuwa nimejificha. Akaniuliza nilifanya kazi gani hasa. Nikamwambia, ualimu wa sekondari, Kondoa, basi. Akavuta pumzi. Kasema chuo hiki kimeomba kuanza kufundisha walimu, na wao wamekuja kutafuta hata mtu mmoja aliyewahi kusimama darasani na chaki. Mpaka wakati ule hawakuwa wamempata.

"Ulikuwa na kitu tunachokitaka," akasema, "ukakifunika na koti la watu."

Sijui koti alilijuaje. Akasema nikamwambie Mkuu wangu kabla ya chakula, la sivyo atamwambia yeye.

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya meza nikasema yote, kuanzia kibao cha Bupe. Dk. Generosa alivua miwani. Kisha akasema, "Nililia mbele yako, Mwalimu Rahimu."

Nimewahi kugombezwa na baba, na mashehe, na wakuu wa shule. Hakuna aliyeniumiza kama hivyo. Nikaomba radhi. Nikasema mke wangu naye kaondoka kwa ajili ya yule marehemu. Akairudisha miwani. Akasema kazi sitapoteza, kwa kuwa wakaguzi wanamhitaji mwalimu wa sekondari. Ila uongozi wa idara nisahau, ni wa Fabian. Na nisionekane chuoni mpaka niwe nimemfuata mke wangu.

Mlangoni nikakutana na Fabian. Nilimwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akatazama huku na huku, akasema Budapesti yeye alibadilisha ndege tu. Alikaa uwanjani mpaka ndege nyingine ilipoondoka, akala samaki wa kopo. Kasema alikuwa ananiuliza maswali kwa kuogopa kuwa mimi ndiye nitamuuliza yeye.

"Wewe ukipunguzwa una Kondoa," akasema. "Shirika langu sasa hivi ni stoo ya saruji."

Tulisimama hapo kidogo, wanaume wawili wazima, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake.

Ijumaa, 13 Agosti

Kondoa. Nimefika mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Sikuzani alitoka uani, akanitazama, akaleta maji ninawe. Hakusema karibu. Lakini maji alileta.

Nilimweleza nikiwa bado nanawa, kabla ujasiri haujakauka. Kwamba hakukuwa na mke, hakukuwa na kaburi, sijawahi kufika Ulaya, niliogopa kupunguzwa tu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa hiyo yule mwanamke hata sura hana? Nikasema hana. Akageuka upande, mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema hakuna sababu ya kumkimbia mtu anayeshindwa hata na uongo wake mwenyewe. Tutarudi Jumapili.

Kisha akaniwekea sharti moja, kidole juu: nisiseme tena kitu ambacho sicho. Nikaapa. Niliapa kutoka moyoni. Moyo wangu leo ni mwepesi. Hofu yote imekwisha.

Usiku tulikula na baba mkwe, Mzee Seleman, pamoja na wajomba. Ni mzee ambaye hajawahi kunisifu tangu siku ya posa. Leo akaniuliza, mbele ya wajomba wote, kama ni kweli kwamba huko chuo kikuu tunaitana madaktari. Nikasema ndiyo, baba, tunaitana. Akauliza, na wewe?

Wajomba waliacha kutafuna. Sikuzani alikuwa jikoni, mbali.

Nikasema, na mimi.

Mzee Seleman akanisogezea paja la kuku.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimeamshwa alfajiri na sauti za watu. Nikadhani msiba. Nimechungulia dirishani. Wamekaa kwenye benchi, wamekaa chini, wamekaa mpaka barabarani. Bibi mwenye goti. Mtoto mwenye sikio. Mtu na mbuzi wake, na mbuzi ndiye anayekohoa. Baba mkwe anawapanga foleni kwa fimbo, kifua mbele, akiwaambia daktari anatoka sasa hivi, mkwe wake.

Sikuzani amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Ananitazama.

Nimetoka. Wa kwanza ni mzee, anasema jicho lake moja linaona ukungu. Nimemwambia alifumbe, afumbe na la pili, asifungue mpaka nimwambie.

Ametii. Nafikiria.