Kanoni ya Baruti ya Maji kwa Arusi ya Gracieuse

Mheshimiwa Papa Modeste, mupiga kanoni, ile muzinga ya jeshi, wa zamani wa kambi ya Kamina na baba ya bibi-arusi, mheshimiwa Gracieuse mwenyewe, bwana-arusi Ghislain, Maman Émérance, présidente ya bamama, bakwe ya hapa Ulaya, mutaa wa Koekelberg, bale bamefika na bale bangali kwa tram, protocole yote imeheshimiwa! (Vigelegele.)

Bon. Mimi Rigobert, Directeur Général wa Cellule Technique ya Kanoni, mutu mwenye amefika Paris, na Anvers mara mbili, naleta rapport. Papa Modeste aliniambia: «Nilipigia bageni ya serikali kanoni miaka vingt, ishirini nzima, halafu mutoto yangu aolewe kimya kama paka?» Nikaahidi, mbele ya Mungu na mbele ya sahani ya sombe: siku Gracieuse anatoka mulangoni, kanoni italia. (Sauti ya nyuma: «Tunangoja!»)

Donc, baruti ya unga ni ya zamani. Tulichagua baruti ya maji, sababu, kufuatana na dossier yenye nilisoma ukurasa wa kwanza wote, haiombe ganda la risasi: unaingiza kipimo, étincelle, cheche moja ya moto, inaenda. Shida ni moja, na imechosha bainjeniya ya inchi kubwa: ile maji haiwake sawasawa, pression, nguvu ya moshi ndani, inapanda ghafla, na kanoni yenyewe inafuata adui. (Kicheko.)

Sisi tulimaliza hiyo shida quatre-vingt-sept pour cent, 87 kwa mia! Tonton Séraphin wa Cellule yetu alileta lutuku, pombe kali ya Lubumbashi, bidon ya litres cinq, tano kamili, ikuwe baruti yetu. Lakini munajua kwetu: mwenye kutoa kinywaji anaonja wa kwanza, basiseme ni mulozi mwenye kutia sumu. Akaonja. Akanipa. Nikawa mwenye kutoa, nikaonja. Bidon ikapita mukono kwa mukono, réunions onze, mikutano kumi na moja, mila ikaheshimiwa mpaka chini. (Maman Émérance: «Rigobert, kanoni iko wapi?») Maman, tufuate ordre du jour, ajenda yetu!

Baruti ya maji, oyee! (Oyee!) Cellule Technique, oyee! (Séraphin peke yake: Oyee!)

Namaliza kwa kushukuru Maman Émérance kwa tuyau ya aspirateur, bomba ya mashine ya kufagia, yenye inajifanya kanoni pale mbele chini ya kile kitenge. («Kumbe njo mahali iko! Wiki tatu natafuta!») Na Papa… ule mukono umeinua, usiushushe bado. Kanoni haiko, haikukuwa hata siku moja. Lakini mutoto anafika mulangoni, na batu deux cents, mia mbili, bako na mapafu ya kulia kama kanoni. Papa, toa amri.

(Papa Modeste: «Feu, piga!» Batu bote kwa kinywa: BUUUM! Madirisha ya salle inatetemeka. Papa Modeste anapangusa macho: «Kombora imeanguka fupi. Rudilieni.»)