Riwaya Yangu Imeenea Meza Nzima

Jumatatu, 4 Machi. Loja, mvua.

Nimeipata siri! Waandishi wajinga huanza kwa kuandika. Mimi sianzi hivyo. Nimesoma gazetini, nikisubiri kupimwa macho, kwamba riwaya hupangwa kwanza kwa ramani ya mawazo. Neno moja katikati ya karatasi. Unalizungushia duara. Kisha mawazo yanachipua pande zote kama matawi ya mti. Ramani! Mimi, Hermógenes Ochoa, niliyepima mashamba ya mkoa huu mpaka nikastaafu! Asdrúbal Riofrío amekwisha.

Asdrúbal ni daktari wa meno. Alifiwa na mkewe mwaka juzi, na tangu hapo amejiunga na chama chetu cha waandishi pale maktabani. Mwaka huu maktaba itachapisha riwaya moja tu. Jumamosi kila mtu asome ukurasa wake wa kwanza, ndipo ichaguliwe.

Katikati nimeandika JENERALI. Kufika jioni alikuwa na wachumba saba. Zoila, mke wangu, akauliza chakula tutakulia wapi. Nikamwambia mapajani, kama wasanii.

Jumatano, 6 Machi

Karatasi zimejaa meza nzima, nyingine zinaning'inia. Wachumba wameota shangazi. Shangazi mmoja ameota vita. Tawi moja tu limegoma: MAPENZI. Duara tupu. Wachumba saba, na sina la kusema! Nimelipaka rangi nyekundu. Wapi.

Zoila akaja akatua birika la kahawa juu ya Sura ya Tisa. Likaacha alama. Nilifoka. Halafu nikaitazama vizuri. Duara safi kabisa, hata mimi sichori hivyo! Nikalitolea tawi. Tulipokuwa tunakula humita zetu za mahindi, lilikuwa tayari mlanguzi wa kahawa mwenye jicho moja.

"Baba Graciela," Zoila akasema, "hilo ni doa."

Hajui sanaa.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango mkali. Lazima nijue kama Asdrúbal naye ana ramani. Nimekwenda kliniki kwake nikijishika shavu, nikilia jino. Nilidhani atatoka kidogo kutafuta dawa, nami nipekue.

Hakutoka. Akanifunua mdomo, akaguna, akasema nimevumilia sana, pole ndugu yangu. Nilijaribu kumweleza kwamba ninaigiza. Mdomoni mlikuwa na vidole vyake. Jino likang'oka. Lilikuwa limeoza kweli! Miaka yote hiyo nalo, na halijawahi kuniambia.

Ukutani hakuna ramani. Kuna picha ya fizi.

Mvua ilikuwa kali, kwa hiyo akafunga kliniki akanisindikiza mpaka nyumbani chini ya mwavuli wake, upande wangu ukiwa mkubwa kuliko wake. Bega lake lote lililoa. Nikamuuliza, kwa mdomo uliokufa ganzi, riwaya yake ameipanga vipi. Alinielewa, nadhani amezoea. Akasema hajaipanga. Anaandika habari za marehemu Blanca, basi. Jioni anaketi, anaandika alivyokuwa akicheka, alivyokuwa akikosea chumvi.

"Nikiacha kuandika, Ochoa, nyumba inanyamaza."

Nimeandika hapa kwamba huenda ni ujanja wake. Lakini mkono wenyewe haukutaka kuandika hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu! Halafu si aibu. Nieleze kwa utaratibu.

Ukurasa wa kwanza sina. Nina ramani. Nikaikunja, nikaibeba begani mpaka maktabani kama zulia, Zoila nyuma yangu na kikapu cha vitafunio. Asdrúbal akatangulia kusoma. Blanca anakuja kliniki mara ya kwanza, anaogopa, anamng'ata kidole daktari, kisha anamwomba radhi kwa siku tatu mfululizo, kila siku na keki. Ukumbi ukacheka. Halafu akasoma kwamba kovu la kile kidole bado lipo, na asubuhi hulitazama kabla ya kunawa. Nikalia. Nikamwambia jirani yangu ni pengo la jino.

Zamu yangu. Nikaitundika ramani. Ikaanguka, ikamfunika Bi Piedad, mkutubi wetu, yeye na miwani yake. Tulipomtoa nikaamua kusoma tawi lolote. Kidole kikaangukia MAPENZI. Duara tupu, mbele ya watu!

Halikuwa tupu. Kulikuwa na mwandiko wa Zoila, mdogo, wa kalamu ya buluu. Nikausoma kwa sauti kabla sijafikiri:

"Alikuja kupima shamba la baba. Kesho yake akarudi kulipima tena. Wiki iliyofuata tena. Shamba halikuwa kubwa hivyo."

Kisha kicheko, kile kizuri, kisichomcheka mtu. Masikio yangu yakawaka moto.

"Halafu?" Asdrúbal akauliza.

Nikasema halafu nikapima kisima.

"Mara mbili," Zoila akasema kutoka nyuma, akigawa tamale za kikapuni. "Na baba akasema, huyu kijana ama ni mpumbavu ama ana lake. Nikamwambia, baba, yote mawili."

Wakapiga meza! Bi Piedad akafuta machozi kwa karatasi ya shangazi wa Jenerali. Lakini kitabu kitakachochapishwa ni cha Asdrúbal. Ni haki. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma, na ajabu, sikuwa naigiza. Mlangoni akanishika mkono, akaniambia niiandike hiyo ya shamba. Niiandike sasa, wakati Zoila mwenyewe yupo wa kunisahihisha.

Kurudi nyumbani Zoila alinishika mkono njia nzima. Nilimuuliza kwa nini, kule shambani, hakuniambia alishajua ninamfuata yeye. Akasema alitaka kuona nitapima nini baada ya kisima.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi ya mtu mpya! Jenerali nimemkunja na wachumba wake wote, nimemtia juu ya kabati. Zoila akafuta meza, akaniwekea karatasi nyeupe, kalamu na kahawa, akaketi kando yangu na ufumaji wake. Nikaandika: Mwaka ule mvua iliwahi.

Nikasimama. Je, iliwahi? Zoila akasema ilichelewa. Nikasema iliwahi, viatu vyangu vilijaa tope. Akasema lile halikuwa tope, ni ng'ombe.

Hapo nikaona hatari. Mtu hawezi kuanza kitabu kizito namna hii bila mpangilio! Nikaigeuza karatasi, nikaandika ZOILA katikati, nikamzungushia duara. Kwa chakula cha mchana tulikuwa tumeongeza karatasi, na tulikula mapajani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeziunganisha kwa gundi.

Kuandika tutaanza kesho. Au kesho kutwa, ramani ikikamilika. Zoila anasisitiza kwamba mbwa wa kwao naye apewe tawi. Nimekubali. Alikuwa mbwa mwema sana. Ameshaota wajukuu.