Glavu za Oduor

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu Nakhumicha, salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo? Goti linaendeleaje, na mvua imefika huko Kimilili? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekasirika. Uliniomba niwe nikiandika kila siku halafu nikutumie yote pamoja, kwa sababu kwenye simu huwa napandisha sauti hadi husikii kitu. Basi soma.

Leo tuliitwa Westlands, ofisini kwa Bwana Kibe, mwenye klabu yetu ya Kilele. Ghorofa ya juu kabisa. Lifti inaongea. Hakutuketisha. Alisema ametununulia basi lenye friji, uwanja wa mazoezi wenye nyasi laini kuliko zulia lake, washambuliaji watatu kutoka nje, na tangu Januari hatujashinda. Timu maskini ikifungwa inahurumiwa, akasema, lakini timu tajiri inachekwa. Hata askari wa getini humuuliza matokeo huku anatabasamu.

Kisha akanitazama. Akauliza huyu mzee huwa anafanya nini. Kocha akasema ni Zedekiah, mtunza jezi, na ndiye huongoza maombi kabla ya mechi. Bwana Kibe akasema basi hayo maombi yana shida mahali.

Miaka yote hii, dada.

Nafasi yangu ya maombi amepewa Ndambuki, kijana wa saikolojia. Atawafundisha wachezaji kupumua. Mtu analipwa kufundisha watu wazima kupumua. Na Jumamosi tukishindwa, mmoja kati yetu wawili anaenda nyumbani. Hivyo ndivyo alivyosema, mbele ya watu.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Ndambuki amewalaza wachezaji kwenye nyasi, macho yamefungwa, eti wauone ushindi. Mimi nilikuwa napita tu na kapu la jezi. Nikajiambia: watu wamefumba macho, wametulia, wamenyamaza. Hii si ibada tayari? Inakosa tu mwenye kuiongoza. Nikaanza kuomba. Kwa kunong'ona. Labda sauti ilipanda kidogo nilipofika kwa mabeki, maana hao ndio wana mzigo. Oduor, kipa wetu, akaitikia Amina. Wengine wakafuata. Mmoja akaanzisha pambio, wakapiga makofi wakiwa bado wamelala.

Ndambuki alikuja mbio. Akaniita "mzee wangu" kwa ile sauti ya mtu anayetaka kukuita kitu kingine. Nikamwambia yeye aendelee tu kupumua.

Jumatano, 5 Machi

Ameenda kunishtaki. Kocha amenikataza kusikika wachezaji wakiwa na Ndambuki. Hata kuimba nikifua, hapana. Jezi za leo nimezifua kimya, na zimetoka vibaya.

Nyumbani Riruta nikamweleza Everlyn. Nilitarajia mke wangu akasirike pamoja nami. Akasema, "Baba Ivyne, si ufue tu jezi ziwe safi, hayo mengine uwaachie wenyewe?" Nikamwambia hajui mpira. Akasema basi tuko wawili.

Sikulumbana. Nilikuwa nimeshaiona, juu ya kabati, ile chupa ya mafuta ya zeituni uliyonipa, iliyoombewa kwenye mkutano wa Webuye. Wamenifunga mdomo. Mikono hawajaitaja.

Ijumaa, 7 Machi

Stoo ilikuwa yangu peke yangu. Nimepaka kitambaa cha nahodha. Nimepaka benchi, upande wetu. Kiti cha Ndambuki nimekiruka.

Halafu glavu za Oduor za mechi, zile mpya zisizoguswa hadi siku yenyewe. Nikashika viganja. Dada, vimekauka, vinakwaruza, vinanata kama gundi. Ndiyo sababu mipira inamtatiza. Klabu yenye basi la friji, na hakuna aliyewahi kufikiria kulainisha glavu za kipa. Nilipaka kwa imani, nikapaka tena, chupa ikaisha. Nikazifuta kwa juu zisionekane, nikazirudisha kwenye mfuko wake.

Kesho wataona.

Jumamosi, 8 Machi

Wameona.

Tulicheza na vijana wa mtaani wasio na hata basi. Walipofika uwanjani walikataa kupita getini. Wakaruka ukuta, wote, na kocha wao mnene akisukumwa kutoka chini, eti getini tumewatilia dawa. Niliwaambia waziwazi kwamba huo ni ushirikina, na kwamba Kilele tunamtegemea Mungu. Walinitazama wakaguna.

Kipindi cha kwanza tukafunga moja. Ndambuki akanipigia jicho kana kwamba yeye ndiye aliyepiga mpira. Hakuna shuti hata moja lililomfikia Oduor. Nikasema mafuta hayo, hata mpira unaogopa kukaribia.

Kipindi cha pili, krosi ya kawaida, ya kitoto. Oduor akaruka vizuri, akaushika kwa mikono miwili, na mpira ukachomoka kama sabuni ndani ya beseni. Goli. Dakika za mwisho, shuti dhaifu la chini. Akaushika tena. Ukachomoka tena. Mbili moja. Kwisha.

Oduor akavua glavu, akazinusa. Akanijia polepole mbele ya benchi lote. "Mzee Zede, mimi nimekukosea nini? Umenikaanga kama chipsi."

Nikasema ni mafuta ya upako. Ndambuki akauliza kama upako una kolesteroli. Watu wakacheka. Wale vijana wa mtaani hawakucheka. Walikuwa wananionyeshea kidole, wanaambiana, "Si tuliwaambia? Mganga wao ni huyo." Na wakatoka kwa kuruka ukuta tena.

Mimi. Mganga.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani video ya mimi na Oduor, iliyopigwa kwa simu pale uwanjani, ilikuwa imefika kabla yangu. Nilikuwa nimepangiwa kusoma neno, akasoma mwingine. Baada ya ibada mchungaji alinivuta kando, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu fulani nimekuwa nikimtembelea huko Dagoretti. Nikamwuliza mtu gani. Akasema mtu yeyote tu.

Mzee wa kanisa ninayefunga na kuomba kila Ijumaa. Nimeshindwa kula. Everlyn amekula sehemu yangu, anasema chakula hakina makosa.

Jumatatu, 10 Machi

Westlands tena. Nilijua ni mimi. Nilivaa suti ya harusi.

Bwana Kibe aliwatoa wengine, akafunga mlango mwenyewe. Hakupiga kelele. Akasogeza kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini: sasa ile kitu, ikipakwa glavu za kipa wa upande mwingine, inafanya vilevile?

Dada, damu ilinipanda. Tajiri mzima, mwenye lifti inayoongea, ananiona mimi ni mtu wa ndumba. Nikasimama. Nikamwambia mafuta ya Bwana si ya kuibia watu mechi, na kwamba kuna Mungu anayeona hata ghorofa hii. Jasho likanitoka, nikatia mkono mfukoni nitoe leso. Akarudi nyuma na kiti chake hadi dirishani. Akasema sawa, mzee, sawa, hakuna haja ya kufika huko. Nirudi kwa jezi zangu. Hata maombi nirudishiwe. Ila glavu nisiguse tena.

Aliyefutwa ni Ndambuki. Nilikutana naye kwenye lifti amebeba boksi lake. Nikamwonea huruma. Kidogo. Akaniambia, "Mzee wangu, haki umeniweza," akasimama kona ya mbali. Nikamwambia apumue.

Basi umeona mwenyewe jinsi ukweli ulivyonitetea. Nilisema wazi, kwa ujasiri, na mwenye mali akaheshimu imani yangu. Everlyn anasema haikuwa heshima. Yeye hajui mpira.

Nimetafakari njia yote, na kosa nimeliona. Mafuta hayakuwa na shida. Yaliwekwa pasipo pake. Mpira wa miguu unachezwa kwa miguu, na mimi nilihangaika na mikono. Jumamosi ijayo tuna mechi kubwa kuliko ile, na njumu zote ziko kwangu stoo. Nitaanzia kwenye soli.

Lakini chupa imekwisha, na wachezaji ni kumi na mmoja. Tafadhali nitumie nyingine, kubwa, na unijibu upesi.

Ndugu yako,
Zedekiah